Mapumziko ya mnyonge yasigeuzwe shamba la bepari

Mwisho wa mwezi mfanyakazi hunyooshewa mikono mingi. Mwenye nyumba anataka kodi, mwenye duka amefungua daftari la madeni, mtoto ameleta karatasi ya michango kutoka shule. Madai hayo yanauma, lakini yana haki yake: nyuma ya kila moja lipo paa, upo unga, au yupo mtoto anayesoma. Siku hizi umezuka mkono mwingine ambao haubishi hodi. Umejificha ndani ya simu, katika baa, katika vibanda vya kamari na katika mabango ya barabarani, nao unadai kitu ambacho mababu zetu hawakupata kudaiwa na mtu yeyote: ushuru wa kupumzika.

Makala haya yanaupinga ushuru huo. Nasema bila kuuma maneno kwamba mapumziko ya mtu wa kipato cha chini yanageuzwe shamba la watu wachache, na kwamba sisi wenyewe tumeshika jembe na kuwalimia. Tumeaminishwa kwamba mtu asiye na fedha hawezi kuwa na jambo alipendalo la kufanya baada ya kazi. Tumekubali kwamba starehe huanzia dukani. Huu ni uongo, na kila mwezi tunaulipia kwa fedha taslimu.

SAA HIZI ZILIPIGANIWA

Tuanze na asili ya jambo lenyewe. Saa za mapumziko za mfanyakazi si zawadi ya tajiri. Katika viwanda vya Ulaya na Marekani vya karne ya 19 watu, na watoto wadogo pamoja nao, walifanya kazi muda wa saa 12, 14 na hata zaidi kwa siku. Sikukuu ya Mei Mosi tunayoiadhimisha kwa maandamano na fulana mpya inatokana na mgomo wa mwaka 1886 nchini Marekani, ambapo wafanyakazi walidai siku ya kazi isizidi saa 8. Huko Chicago madai hayo yaliishia katika umwagaji wa damu, na mwaka 1887 wanaume wanne wakanyongwa. Shirika la Kazi la Kimataifa lilipoundwa mwaka 1919, mkataba wake wa kwanza kabisa ulihusu saa za kazi viwandani: 8 kwa siku na 48 kwa wiki. Hapa kwetu, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 imeweka kikomo cha saa 45 za kazi za kawaida kwa wiki.

Yafaa tuukumbuke mwenendo huo. Watu walikufa ili mwenzao wa baadaye apate jioni yake. Walitaka asome, aimbe, acheze na watoto wake, akae na jirani, alime bustani yake bila kusimamiwa na mtu. Ndiyo maana ni jambo la aibu kwamba jioni hiyo hiyo, iliyonunuliwa kwa thamani kubwa namna ile, leo anauziwa tena mwenyewe kidogo kidogo, shilingi elfu hapa na elfu mbili pale, mpaka mshahara umekwisha na jioni haijaonekana.

DUKA SI CHANZO CHA STAREHE

Sitaki msomaji adhani nahubiri nikiwa juu ya mimbari safi. Mimi mwenyewe nimo katika kundi la waliodanganyika. Miaka kadhaa iliyopita nilipenda kupiga picha. Badala ya kuanza na nilichokuwa nacho, nilichukua mkopo kazini nikanunua kamera kubwa, kwa kuwa niliwaona wapiga picha wa harusi wakiwa nazo na nikaamini kwamba heshima ya kazi imo ndani ya chombo. Baada ya kamera nikaambiwa haifai bila lenzi ya pili. Baada ya lenzi nikahitaji begi, kisha miguu ya kusimamishia, kisha kompyuta ya kusafishia picha. Makato ya mkopo yaliendelea kwa muda wa miezi 24. Picha nilizopiga katika miezi hiyo hazikufika mia moja. Mwaka huo binti yangu alianza shule akiwa na viatu vya dada yake.

Kamera ile haikuwa na kosa. Kosa lilikuwa langu la kufikiri kwamba nimenunua uraibu, kumbe nilikuwa nimenunua bidhaa. Mambo haya mawili ni tofauti kama mbegu na gunia. Anayependa kuchora ataanza na kipande cha mkaa ukutani. Anayependa kununua vifaa vya kuchorea atamaliza duka zima na ukuta utabaki mweupe.

Tazama ushahidi wa historia yetu. Mwishoni mwa miaka ya 1960 hapa Dar es Salaam, Edward Saidi Tingatinga, mtu aliyetoka kusini kutafuta riziki, alianza kuchora wanyama na ndege juu ya vipande vya mraba vya mbao laini za kujengea, akitumia rangi ya mafuta ya kupakia baiskeli. Hakungoja turubai kutoka Ulaya. Alifariki mwaka 1972, baada ya miaka michache tu ya kuchora, lakini jina lake limekuwa jina la aina nzima ya uchoraji inayojulikana duniani kote. Mtazame pia Shaaban Robert. Aliingia katika kazi ya ukarani wa forodha mwaka 1926, akaendelea kuwa karani katika idara mbalimbali kwa sehemu kubwa ya maisha yake. Mashairi na vitabu vyake aliviandika akiwa na kazi nyingine ya kumlisha. Vifaa vyake vilikuwa karatasi, wino na utulivu. Kati ya vitatu hivyo, dukani viliuzwa viwili tu, tena vya bei ndogo.

Wapo watakaosema: hao walikuwa watu wenye vipaji, sisi wengine je? Jibu ni kwamba hoja yangu haihusu kipaji. Nazungumzia bei. Ikiwa hata hao wakubwa hawakuhitaji mkopo ili waanze, sisi wadogo tunaukopea nini?

MKEKA WA KAMARI

Lakini mwenye kununua kamera angalau anabaki na kamera. Ipo starehe nyingine ambayo mnunuzi wake habaki na kitu isipokuwa karatasi iliyochanika. Vijana wetu wanaiita mkeka. Mtu huchagua mechi kadhaa za mpira, mara nyingi za nchi ambazo hatazikanyaga, akaziunganisha pamoja na kuweka fedha. Zikitokea zote alivyobashiri analipwa, ikikosekana moja tu mkeka umechanika. Biashara hii inaendeshwa kwa leseni chini ya Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya mwaka 2003. Siituhumu kampuni yoyote kwamba inavunja sheria. Nasema jambo zito zaidi: hata ikitii sheria yote, hesabu yake imepangwa ili mchezaji apoteze.

Tufanye hesabu hiyo, maana wengi wanaocheza hawajapata kuonyeshwa. Chukua ubashiri wenye majibu mawili yanayolingana kabisa, kama kurusha sarafu. Haki ingekuwa kwamba ukiweka shilingi 1,000 ukashinda, ulipwe 2,000. Mwenye kampuni hatakulipa 2,000. Atakulipa, tuseme, 1,850. Maana yake ni kwamba katika kila shilingi 100 wanazoweka wachezaji, wao kwa jumla yao wanarudishiwa 92 na senti 50. Mtu ataona upungufu huo ni mdogo. Haya, sasa panga bashiri 10 za namna hiyo katika mkeka mmoja. Uwezekano wa kupatia zote ni mmoja katika 1,024. Malipo ya haki kwa shilingi 1,000 yangekuwa shilingi 1,024,000. Kwa kipimo kile cha 1,850 kwa kila elfu, kampuni italipa kama shilingi 470,000, tena kabla ya kodi. Zaidi ya nusu ya haki ya mshindi imemezwa. Na kwa kila mkeka mmoja unaoshinda na kutangazwa kwa picha na tabasamu, iko mikeka 1,023 iliyochanika kimya kimya, na wenyewe hawapigwi picha.

Sasa tuangalie upande wa mfuko. Siku ya Mei Mosi ya mwaka 2025 ilitangazwa kwamba kima cha chini cha mshahara wa watumishi wa umma kitapanda kutoka shilingi 370,000 hadi shilingi 500,000 kwa mwezi kuanzia Julai mwaka huo. Nyongeza ni shilingi 130,000. Mtumishi anayeweka mkeka wa shilingi 1,000 tu kila siku hutumia shilingi 30,000 kwa mwezi. Karibu robo ya nyongeza yake ameiondoa mezani kwa watoto wake na kuipeleka kwa watu asiowajua. Kwa mwaka mzima ni shilingi 365,000. Na huyo ni mchezaji mpole. Sote tunawajua wasiotosheka na elfu moja.

Mtaani kwetu alikuwapo kijana mwendesha bodaboda, mtu mwenye adabu na mchapakazi. Pikipiki haikuwa yake. Kila jioni alitakiwa kumpelekea mwenyewe hesabu ya siku, na baada ya muda waliokubaliana chombo kingekuwa chake. Alikuwa amebakiza miezi mitatu. Ijumaa moja aliweka hesabu ya siku hiyo katika mkeka, akachanikiwa. Jumamosi akaweka ya siku hiyo ili airudishe ya Ijumaa. Jumapili vivyo hivyo. Juma la pili pikipiki ilichukuliwa, na miezi yote aliyokwisha kulipa ikapotea. Nilimwuliza kwa nini alianza. Alinijibu: "Mzee, baada ya kazi nitafanya nini kingine?"

Ndugu msomaji, jibu hilo ndilo lililoninyima usingizi na kunisukuma kuandika. Kijana yule hakusema kwamba alitaka utajiri. Alisema hakuwa na kitu kingine cha kufanya. Kamari haikumshinda kwa nguvu zake peke yake. Ilikuta nafasi tupu ikaingia ikakaa.

Lugha yetu ina neno linaloonya juu ya jambo hili. Uraibu ni kile ambacho mtu hukipenda na kukizoea baada ya kazi. Wazee walilitumia neno hilo kwa tambuu na tumbaku. Leo neno hilo hilo latumika hospitalini kumtaja mtu aliyetekwa na dawa za kulevya. Neno ni moja, na kati ya maana hizo mbili pana swali moja tu: wewe umeshika jambo, au jambo limekushika wewe?

Wapo wanaojitetea kwa kusema kwamba kila mtu ana uhuru wa kutumia fedha zake. Uhuru huo naukubali. Lakini uhuru wa mtu asiyeelezwa hesabu, anayetangaziwa mchana na usiku, tena kupitia chombo anachokitumia kuwasiliana na mama yake, ni uhuru wa samaki mbele ya chambo. Wengine husema biashara hii huleta kodi na ajira. Kodi inaleta, sikatai. Lakini shilingi iliyotoka kwa kabwela ikapita mikononi mwa mwenye kampuni kabla ya sehemu yake kufika hazina haikuwa imezalisha mahindi wala tofali njiani. Shilingi hiyo hiyo ingenunua unga, daftari au jembe, nayo ingelipiwa kodi huko huko, na nyumba ikabaki na unga, daftari au jembe.

SI JAMBO GENI

Tusijidanganye kwamba mababu zetu walikuwa malaika. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, ngoma ya beni ilienea kutoka pwani hadi bara, ikiwa na vyama mashuhuri vya Marini na Arinoti. Vyama hivyo vilishindana kwa sare, kwa vyeo vya kuiga jeshi na kwa karamu, na wengi walitumia zaidi ya walichokuwa nacho ili wasishindwe na wapinzani. Gharama ya starehe si ugonjwa ulioletwa na simu.

Hata hivyo ipo tofauti kubwa. Fedha za beni zilizunguka mle mle. Aliyechinja alikula na wenzake, fundi aliyeshona sare alikuwa wa mji ule ule, na vyama vile vilisaidiana katika maziko na kuwapokea wageni waliofika mjini bila ndugu. Mtu alipofilisika kwa ajili ya beni, alifilisika mbele ya watu waliomjua na waliokuwa na wajibu wa kumnyanyua. Anayefilisika kwa simu hufilisika peke yake, chumbani, usiku wa manane, na aliyemfilisi hajui hata jina lake.

MKEKA WA UKILI

Basi turudi kwa swali la yule kijana. Afanye nini kingine? Sitamjibu kwa mahubiri, nitamjibu kwa mambo yenye bei.

Liko bao. Bao letu la Kiswahili lina mashimo 32 katika safu nne, na kete 64. Kila mchezaji ana kete zake 32, huanza 10 zikiwa ubaoni na 22 mkononi, na mchezo hupita katika namua kabla ya kufika katika mtaji. Ubao uliochongwa vizuri huuzwa ghali kwa watalii, lakini mchezo wenyewe hauhitaji ubao huo. Mashimo huchimbwa hata ardhini. Kete ni komwe, mbegu ngumu za mmea wa miiba unaoota wenyewe karibu na fukwe. Asiye na komwe huokota kokoto. Gharama ni sifuri, na akili inayotakiwa haina mwisho, maana kete moja ikiondoka huweza kubadili mashimo yote. Mwalimu Nyerere, aliyekuwa na kazi nyingi kuliko sisi sote, alijulikana kwa kupenda bao. Hakuona kwamba linamshushia hadhi. Bao lina faida nyingine kubwa: mtu hawezi kulicheza peke yake. Ni lazima awepo mwenzake upande wa pili, na baraza zima linalotazama, linalobishana na kutania. Kwa asiyelijua, lipo drafti la vizibo vya soda juu ya kipande cha ubao kilichopigwa mistari.

Yako mashairi. Tangu gazeti la Mambo Leo lilipoanza mwaka 1923, watu wa kazi za kawaida, makarani, walimu, mabaharia na wakulima, wamekuwa wakitunga, wakitumiana na kujibizana magazetini. Mtu wa Lindi aliuliza fumbo, mtu wa Tanga akalifumbua, wakawa marafiki bila kuonana. Vina na mizani havina ada ya mwaka. Leo hata stempu haihitajiki, maana simu ile ile inayobeba kamari inaweza kubeba shairi.

Ipo kwaya, iko taarabu ya mtaani, zipo ngoma. Iko bustani ya mchicha katika ndoo iliyotoboka, ambayo ni starehe kwa jicho na mboga kwa sufuria. Iko mbio. Tarehe 2 Februari 1974 huko Christchurch, Filbert Bayi alikimbia mita 1,500 kwa dakika 3 na sekunde 32.2 akaivunja rekodi ya dunia, na mwaka 1980 huko Moscow yeye na Suleiman Nyambui walileta medali mbili za fedha za Olimpiki. Hadi Michezo ya Paris ya mwaka 2024 taifa letu halikupata nyingine. Mchezo uliotupa heshima hiyo ndio mchezo unaohitaji vifaa vichache kuliko yote. Anayelipa ada ya jimu ili akimbie juu ya mashine huku akitazama barabara dirishani, na ajiulize amelipia nini.

Na uko mkeka. Siuzungumzii ule wa kuchanika, nauzungumzia ule wa ukili. Mama zetu wa pwani huchana miyaa, huipaka rangi, husuka ukili mrefu pindi kwa pindi huku wakizungumza, kisha huushona ukawa mkeka. Kazi hiyo huchukua majuma mengi, na kila jioni msukaji huona alikofika. Mwisho wake familia ina mahali pa kukaa, pa kulala na pa kupokea mgeni. Ni jambo la kushangaza kwamba vijana wetu wamelichukua jina la kitu hicho, kilichosukwa kwa subira ya mikono, wakalipa karatasi inayochanika kabla ya alfajiri.

WANAOBEZA

Hapa nitapambana na makundi mawili ambayo, kwa njia tofauti, yanamsaidia bepari wa kamari.

Kundi la kwanza ni la wakubwa wanaopita barazani, wakiona watu wamekaa kwenye bao, wakasema: "Tazama wavivu." Kama ni saa nne asubuhi na wachezaji wameacha mashamba na ofisi, nitaungana nao kuwakemea. Lakini ikiwa ni jioni, na wachezaji wametoka kazini, kosa lao ni lipi? Mbona bwana huyo huyo akienda kucheza gofu hasemi kwamba yu mvivu, bali husema anapumzisha akili? Kubeza mapumziko ya bei nafuu na kuheshimu mapumziko ya bei ghali ni kasumba tuliyorithi, na matokeo yake ni kwamba kijana huona haya kukaa barazani, haoni haya kukaa katika kibanda cha kamari chenye taa za rangi.

Kundi la pili ni la washauri wa kisasa wanaomwambia kila mtu kwamba ageuze akipendacho kiwe fursa ya fedha. Ukipika vizuri, uza. Ukiimba, rekodi uuze. Ukipanda maua, fungua duka la maua. Sina ugomvi na anayepata riziki kwa kipaji chake. Lakini ushauri huu ukifanywa sheria, mtu habaki na saa hata moja ambayo ni yake mwenyewe. Ametoka kwa mwajiri wa mchana akaingia kwa mwajiri wa jioni, na mwajiri huyo wa pili ni yeye mwenyewe, tena mkali kuliko wa kwanza. Mtu anayo haki ya kufanya jambo kwa sababu linampendeza, na jambo hilo lisizae hata senti. Katika hesabu ya mnyonge, starehe isiyomgharimu kitu tayari imemletea faida.

YANAYOTAKIWA

Sitaki kumaliza kwa kumtwika mwananchi mzigo wote. Bei ya starehe haipangwi na mtu mmoja nyumbani kwake. Hupangwa pia na mji alimo. Mtoto anayecheza chandimu kwa mpira wa matambara hahitaji fedha, lakini anahitaji ardhi. Kila kiwanja cha wazi kinapovamiwa au kupewa mtu ajenge maduka, watoto mia mbili wanahamishwa kutoka katika mchezo wa bure na kusukumwa katika michezo ya kulipia. Kwa hiyo la kwanza: viongozi wa mitaa na halmashauri walinde viwanja vya wazi, na wananchi wajue mipaka ya viwanja vyao na kupiga kelele kabla msingi haujachimbwa, si baada ya ukuta kusimama.

La pili ni vitabu. Sheria ya huduma za maktaba ilitungwa mwaka 1963, miaka miwili tu baada ya Uhuru, na Maktaba Kuu ya Dar es Salaam ikafunguliwa mwaka 1967. Taifa changa na maskini liliona kwamba kusoma kusiwe starehe ya wenye uwezo wa kununua. Moyo huo uendelezwe. Maktaba ifunguliwe saa ambazo mfanyakazi ametoka kazini, na katika kata ambako hakuna maktaba, shule iwe na chumba kimoja ambacho watu wazima wanaweza kukitumia jioni na siku za mapumziko.

La tatu linawahusu wanawake, na wanaume wenzangu walisikilize vizuri. Nimetaja baraza, bao na mbio. Ni nani yuko jikoni wakati huo? Wanawake wengi hurudi kutoka kazini au sokoni wakaingia katika zamu ya pili ya maji, kuni, kupika na kufua. Kwao tatizo si bei ya starehe, ni kukosekana kwa jioni yenyewe. Mwanamume anayetetea haki yake ya kupumzika huku mkewe hajakaa chini tangu alfajiri amekuwa bepari mdogo wa nyumbani kwake. Aoshe vyombo kwanza, ndipo aende barazani.

La nne: hesabu niliyoionyesha hapo juu ifundishwe shuleni. Mwanafunzi wa sekondari hujifunza uwezekano kwa mifano ya sarafu na mipira ndani ya mfuko. Mwalimu na aongeze mfano wa mkeka. Somo moja la dakika 40 litawaokoa wengi kuliko mabango mia ya kuwaambia wacheze kistaarabu.

Yule kijana wa pikipiki sasa anafanya kibarua katika ujenzi. Tulimwita barazani. Siku za kwanza alikaa pembeni akitazama simu. Baadaye akaanza kutazama kete. Leo anacheza, na juzi alinifunga mara mbili mfululizo mbele ya wajukuu wangu, akacheka mpaka akashika mbavu. Sidai kwamba bao limemrudishia pikipiki, wala sidai kwamba hatateleza tena. Nasema kwamba jioni ile hakumlipa mtu yeyote, na alikwenda kulala akiwa na fedha yake yote ya kibarua mfukoni.

Ndugu zangu, jioni ni yetu. Walioipigania hawakuidai ili waje wengine kuivuna. Tukatae kutozwa ushuru juu ya pumzi yetu. Tuchimbe mashimo ardhini, tuokote kete, tumwite jirani.